Kitita cha Miraa cha Kwenda Chennai

Kila Jumamosi shuleni kwetu huanza na kengele, uji na fagio, kwa mpangilio huohuo, na hakuna nguvu duniani iliyowahi kuubadilisha. Shule yetu ya bweni iko nje kidogo ya mji wa Meru, mahali ambapo baridi ya asubuhi humfundisha mtu kuoga kwa haraka kubwa. Jumamosi hiyo hata mafagio yalikuwa na haraka, kwa sababu wazazi walikuwa wanakuja kuona maonyesho yetu ya Miji ya Dunia.

Kila darasa lilichagua mji wake. Sisi wa Gredi ya Nane tulichagua Chennai, mji mkubwa wa kusini mwa India, na kazi yetu ilikuwa kuwatembeza wageni katika makumbusho na nyumba za ibada za huko. Nurto ndiye aliyeupendekeza mji huo. Hatukumuuliza kwa nini. Tuliona tu kwamba jina lake lilikuwa fupi na lingetosha kwenye bango.

Tuliujenga mji huo kwa maboksi ya sabuni katika ukumbi wa chakula. Mimi, Kiambi, nilikuwa mkuu wa gundi, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kukosa vingine vyote. Kulikuwa na makumbusho yenye sanamu za shaba tulizozifinyanga kwa udongo. Kulikuwa na hekalu la Mylapore na mnara wake uliojaa vinyago vya rangi, kanisa la Mtakatifu Tomaso, na Msikiti wa Taa Elfu, ambao Nurto aliupaka rangi kwa uangalifu kana kwamba kuna mtu angekwenda kuswali humo.

Kiongozi wa watalii alikuwa Gitobu. Gitobu ana sauti ya askofu na nidhamu ya mbuzi. Mwalimu Kathambi alikuwa amempa kurasa nyingi za kusoma kuhusu Chennai. Alisoma ukurasa mmoja, akazitumia zilizobaki kuegemeza dirisha la bweni lisipigwe na upepo.

"Karibuni Chennai!" alinguruma wageni walipoingia, tai ya kuazima ikimfika magotini. "Vueni viatu hapa, hili ni hekalu. Waumini huja na maua, nazi na majani ya tambuu."

Hayo yalikuwa kweli. Yalikuwa kwenye ule ukurasa mmoja.

Mama mmoja aliyevaa mtandio wa kijani, mtoto mdogo amemlalia begani, alikuwa akisikiliza kuliko wote. Alikuwa Habon, mama yake Nurto, mwenye duka la nguo katika mji wa Maua. Mtoto alikuwa Younis, mdogo wake Nurto. Tulijua Younis ni mgonjwa, maana hata kulia alilia polepole.

"Kijana," akauliza Mama Habon, "mgeni akifikia nyumbani kwa mtu huko, ampelekee nini? Si vizuri kuingia kwa watu mikono mitupu."

Hapo ukurasa wa Gitobu ulikuwa umekwisha. Lakini mdomo wake ulikuwa bado unaendelea.

"Mama, swali zuri sana," alisema akikunja uso kama hakimu. "Sisi Wameru tukienda kumheshimu mtu tunampelekea nini? Kitita cha miraa ya kutafuna, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Na Wahindi je? Si wanatafuna majani ya tambuu? Ni ndugu zetu! Mpelekee mwenye nyumba kitita cha miraa, milango yote itafunguka."

Ukumbi mzima ulicheka. Mama Habon hakucheka.

"Hata kwenye ndege wanaruhusu?"

"Wanakupigia saluti, mama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa," alisema Gitobu, na kicheko kikazidi. Mama Habon aliitikia kwa kichwa, akamshukuru, akatoka.

Muda si mrefu Nurto, aliyekuwa amekwenda kuwasindikiza, alirudi kutoka langoni, macho mekundu lakini anatabasamu. "Wameondoka," akasema. "Asante, Gitobu. Hooyo amefurahi sana." Hooyo ndivyo anavyomwita mama yake. "Amesema umemtatulia jambo lililokuwa linamsumbua."

"Jambo gani?"

"Zawadi ya mama mwenye nyumba watakayefikia kwake. Leo usiku wanapanda ndege kwenda Chennai. Younis atapasuliwa moyo huko. Mjomba Sahal anawapeleka Nairobi, na wamepitia Makutano, hapa mjini, kununua kitita kizuri."

Gitobu alishika ukingo wa msikiti, nao ukabonyea.

"Nilikuwa natania," akanong'ona. "Miraa India ni dawa ya kulevya. Amu yangu anaiuza ng'ambo. Alituambia mtu akishikwa nayo uwanja wa ndege kule, anaingia ndani."

Nurto hakuelewa mara moja. Alipoelewa, tabasamu lilimtoka usoni taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa kelele. "Mama yangu akifungwa," akasema, "Younis atabaki na nani?"

"Mwambie Mwalimu," nikamwambia Gitobu. Sisi wa bweni hatuna simu. Simu iko kwa mwalimu.

Mwalimu Kathambi alikuwa mlangoni na waamuzi wawili, karatasi zao mkononi. Kila mtu alijua kwamba Gredi ya Nane inaongoza katika kuwania kombe.

"Wacha kwanza waamuzi wapite," Gitobu akasema, jasho likimtoka. "Kiambi, dakika kidogo tu. Wakishapita tu."

"Gari halingojei waamuzi," Nurto akasema.

Gitobu alimtazama. Kisha akaenda moja kwa moja hadi mbele ya Mwalimu na waamuzi wake, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya askofu tena: "Mwalimu, nimemdanganya mama yake Nurto. Nimemwambia abebe miraa kwenda nayo India. Ameibeba. Ni sasa hivi, Mwalimu. Wako njiani."

Mwalimu Kathambi hakumkemea. Alitoa simu na kumpigia Mama Habon. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Nurto akataja nambari ya mjomba Sahal, anayoikumbuka kichwani. Iliita mpaka ikakatika.

"Atakuwa anaendesha," Nurto akasema. "Na kule Nithi, njiani, mtandao hupotea kwenye yale mabonde."

Mwalimu alimpa Gitobu simu. "Piga wewe. Piga mpaka wapokee. Ukipokelewa, utasema mwenyewe."

Waamuzi walipita Chennai yetu bila kiongozi wa kuwatembeza. Pilau ya wageni ikapakuliwa, ile tunayoingoja muhula mzima. Gitobu alikaa kwenye ngazi na simu sikioni, Nurto kando yake, mimi nyuma yao na sahani tatu ambazo hakuna aliyezigusa. Nakiri kwa huzuni kwamba hata mimi sikula. Hapatikani. Inaita, haipokewi. Hapatikani. Betri ya Mwalimu ikaanza kulalamika, tukakimbia kutafuta chaja, tukaendelea kupiga tumesimama ukutani. Nurto alikuwa akihesabu miji kwa midomo: Chuka wamepita. Runyenjes wamepita. Sasa labda Embu. Baada ya Embu barabara ni nzuri, na mjomba Sahal hapendi kusimama.

"Haloo?"

Alikuwa Mama Habon. Nurto alimpiga Gitobu kiwiko.

"Mama, ni Gitobu. Yule kijana wa tai. Mama, usiibebe hiyo miraa. Nilikudanganya ili watu wacheke. India ni kosa, watakukamata. Sikujua kwamba mnasafiri, lakini nilijua si kweli."

Tulisikia pampu ya kituo cha mafuta ikivuma, labda huko Embu, na Younis akiomba maji.

"Kijana," Mama Habon alisema, "nimekiweka kwenye begi la mtoto, chini ya barua za daktari, ili kisinyauke." Akaita: "Sahal! Usiwashe gari. Fungua begi."

Tulisikia mlango, zipu, maneno ya Kisomali yaliyosemwa haraka, kisha mjomba Sahal akisema, "Kimetoka. Kitupe kabisa." Nurto aliketi chini papo hapo, sakafuni, akafunika uso kwa mtandio wake.

"Bado uko hapo?" Mama Habon akauliza.

"Niko, mama. Nisamehe."

"Mimi sikukuamini kwa sababu ya ile tai. Nilikuamini kwa sababu nilikuwa na hofu, na ulisema kama mtu anayejua. Mwenye hofu hushika chochote anachopewa." Akaongeza: "Sasa niambie ukweli. Mama mwenye nyumba nimpelekee nini?"

Gitobu alifungua mdomo. Nilimwona akianza kukunja uso wa hakimu, kisha akauachia.

"Sijui, mama," akasema. "Nipe nafasi nikasome, nikupigie."

Alikimbia bwenini, akazichomoa zile kurasa dirishani, akazisoma zote akiwa amesimama. Alipompigia tena, alimwambia anunue maua au matunda hukohuko akifika, na avue viatu mlangoni.

Kombe lilikwenda kwa Gredi ya Saba na piramidi yao iliyopinda. Jumatano Nurto alituletea habari kwamba Younis amepasuliwa salama, na amefumbua macho akidai chapati.

Jioni hiyo Mwalimu Kathambi alituita wote ukumbini. "Utani si dhambi," alisema. "Nami hucheka. Lakini ni utani tu pale ambapo anayeambiwa naye anajua anataniwa. Asipojua, huo ni uongo uliovaa nguo za sherehe, na huwezi kujua utamdhuru nani njiani. Mtu akikuuliza njia, nawe hujui, mpe neno moja, 'sijui'. Gitobu alijifunza neno hilo kwa gharama ya kombe letu zima, na kwangu mimi bei hiyo ilikuwa ndogo."