Si Kila Kilicho Juu Ni Top

To. Kimya kidogo. To.

Gizani, Mama Kidoti alisikiliza matone yakidondoka kwenye sinia kubwa la plastiki, la buluu, lililotegwa kitandani kwa mwanawe. Kidoti, wa miaka sita, alikuwa amehamia katikati ya wazazi wake. Magoti yake yalikuwa mbavuni mwa baba.

"Angalau sinia tunalo," baba akanong'ona. Aliliokota uani siku ya ule upepo mkali, na hakuchoka kujisifu.

Maji ya mtaa yalifunguliwa usiku, na matone yalikuja usiku. Asubuhi yalikoma. Sinia lilisukumwa uvunguni, godoro likatolewa juani. Mama alikwenda kufua kwa dobi, baba kusambaza mikate. Fundi bomba wa mwenye nyumba alikuja mchana na ufunguo wa akiba, asikute mtu wala tone. Alikuwa mgeni kutoka mbali, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Ilibidi aachiwe ujumbe wa Kiingereza.

Mama alikuwa akijifunza Kiingereza katika darasa la jioni. Kwa kila kilicho juu, alijua neno moja: top. Akaandika, "Water top." Fundi akaona jagi la maji juu ya kabati. Akaliteremsha, akafuta vumbi, akaenda zake. Mara ya pili mama aliandika, "Water top bed." Fundi akakaza skrubu zote za kitanda. Tangu siku hiyo kitanda kiliacha kulia, lakini hakikuacha kulowa.

Kidoti akaanza kukohoa. Ijumaa bibi yake, mama mzaa baba, alikuja kuwatembelea. Akabonyeza godoro, akanusa vidole. Hakugomba. Alisema kesho jioni angeondoka na mjukuu wake, mpaka nyumba ipone.

"Mke mwenzangu halali kisimani," alisema, na akaanza kukunja magauni ya Kidoti mkobani.

Mama alitoka nje ili asilie mbele ya mtoto. Jirani yake, mpokea wageni wa hotelini, alikuwa mlangoni pake akivua viatu vya kazi. Mama akamweleza yote, mpaka habari za skrubu. Jirani alicheka hadi akakaa chini. Alipopata pumzi akauliza:

"Wewe mwenzangu, kwa Kiswahili ungemwambia fundi maji yako juu, halafu unyamaze?"

"Ningemwambia yanatoka darini."

"Basi na Kiingereza ndivyo hivyo. Kila kitu kina sehemu yake ya juu, na sehemu hiyo ina jina lake."

Wakaingia ndani. Jirani hakutaka kalamu. Alitaka kila mtu aguse kitu kwanza, ndipo aseme. Baba alipanda kiti akagonga dari: ceiling. Mabati ya nje, yanayonyeshewa mvua, yalikuwa roof. Mama alishika ncha ya penseli: tip. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, pale chai inapokaribia kumwagika: brim. Kilele cha mlima kwenye picha ya kalenda kilikuwa peak. Kidoti alipewa sufuria. Akafunua, akafunika, akafunua, akirudia kila mara, "This is the lid." Hiki ni kifuniko. Bibi alikataa kujaribu, eti ulimi wake umezeeka. Baadaye kidogo alisikika akiliambia birika, "Lid."

Baba aliuliza kama top sasa itupwe. Jirani alisema la, ni neno zuri, ila ni kama kumwelekeza mgeni kwa kidevu. Anayekuona ataelewa. Asiyekuona atapotea.

Mama akaandika ujumbe mpya kwa mkono wake: maji yanapita kwenye ceiling usiku, tafadhali kagua roof. Sentensi yote ilikuwa ya Kiingereza, na hapakuwa na top hata moja.

Jumamosi wote walikuwa nyumbani. Fundi alisoma ujumbe. Hakutazama kabati wala kitanda. Alipanda paani moja kwa moja, na punde majani makavu yakaanza kuanguka uani.

Aliposhuka alieleza, jirani akatafsiri. Tangi la maji halina kifuniko. Majani yameingia na kukwamisha boya, lile linalofunga maji tangi likijaa. Kwa hiyo maji yanafika ukingoni, yanamwagika paani, yanapenya darini. Majani ameyatoa. Lakini bila kifuniko yatarudi, na kifuniko kipya labda wiki ijayo, labda ile nyingine.

Bibi akaanza kufunga zipu ya mkoba. Mama akashika mlango.

Fundi alichora duara kubwa hewani na kuuliza lid ya zamani iko wapi. Safari hii hakuna aliyehitaji tafsiri. Lakini hakuna aliyejua. Baba alikuna kichwa, akasema siku hizi wezi wanaiba chochote.

Kidoti alikuwa ametambaa uvunguni. Akatoka kinyumenyume, akiburuta sinia la buluu. Bibi aliiacha zipu nusu. Baba akatazama miguu yake. Kidoti aliligeuza sinia juu chini, akaligusa kwanza, kama alivyofundishwa, kisha akamwambia fundi:

"This is the lid."