Maji Meupe Nyumbani kwa Kinyozi

Jamani, hebu wekeni chini hizo simu kidogo mnisikilize. Ninalosimulia leo limetokea ukuta kwa ukuta na cherehani yangu, na wengi wenu mlilichangia kwa midomo yenu.

Mnamfahamu kinyozi wetu, yule mliyempachika jina la Bwana Usafi. Kila kitu chake hupita kwenye dawa: mashine, vitana, taulo, hata kitasa cha mlango. Tulikuwa tukimtania kwamba siku moja atamtumbukiza mteja mzima kwenye ndoo. Jioni alikuwa akifunga saluni, ananisalimu, anaingia kwake mlango wa pili. Huko ndani nasikia mkewe akicheka, na binti yao, Kidoti, akisoma kitabu chake kwa sauti. Nyumba ile ilikuwa na raha yake, sitawadanganya.

Kisha mke akaugua, wala hakuugua siku nyingi. Akafia hospitalini. Kidoti alikuwa amepelekwa kwa bibi yake mzaa baba, na msiba ukaanza ukaisha yeye hayupo. Aliporudi akauliza mama yuko wapi. Kinyozi akamjibu kwamba mama amesafiri.

Akatuomba na sisi tuseme hivyo hivyo, eti mtoto mdogo hawezi kubeba habari nzito kama ile. Na nyinyi mkaitikia. Mwenye duka akasema mama atarudi na gauni jipya. Mwalimu akasema mama amepata kazi ya mbali. Kila mtu akaongeza chake, mkajiona mnatenda wema. Aliyegoma ni mmoja tu, mama mdogo wa Kidoti, mdogo wake marehemu, anayekaa mapokezi kwenye zahanati ya meno. Alimwambia shemeji yake waziwazi kwamba yeye neno hilo hatalitamka. Kinyozi akamsihi basi angalau anyamaze, naye akanyamaza kwa shingo upande.

Baada ya hapo kinyozi akageukia usafi. Akatoa nguo zote za marehemu, akapaka kuta rangi, akasugua sakafu kwa dawa ya saluni mpaka mimi huku nikawa nakohoa. Mkamsifu kwamba mwanamume amejikaza kisabuni. Lakini mimi nilimwona kupitia dirishani, amesimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi, macho kayakaza mlangoni kama aliyesikia mtu akibisha. Hapakuwa na mtu.

Kitu pekee cha marehemu kilichobaki ni tangi la kioo. Alikuwa amelinunua ili afuge samaki pamoja na binti yake, akafa kabla halijatiwa maji. Kidoti akaling'ang'ania, na Jumamosi moja mama mdogo akaja wakalitengeneza. Hata kule zahanatini kwao lipo tangi kama hilo, yeye ndiye anayelitunza. Wakatandaza udongo na changarawe, wakapanda majani ya majini, wakamimina maji polepole juu ya sahani ili udongo usitibuke, wakawasha pampu yenye sifongo ya kuchujia. Mwisho wakatia samaki wadogo wekundu. Kidoti alicheka, nami nikasimamisha cherehani nisikilize, maana kicheko kile kilikuwa kimetoweka pale.

Haukupita muda maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Majani huyaoni. Samaki anatokea, anapotea. Mama mdogo akawaeleza kwamba tangi jipya ndivyo lilivyo: ni vijidudu vinavyoanza maisha mle ndani, na vikishazoea, maji yatatulia yenyewe. Samaki wasilishwe sana, sifongo isiguswe, watu wasubiri.

Labda kinyozi angesubiri. Lakini asubuhi moja alimkuta mtoto amepiga magoti mbele ya kioo, anasema taratibu, "Shikamoo mama."

Akamuuliza anaongea na nani.

"Mama yumo humo nyuma," Kidoti akamjibu. "Amerudi, ila haonekani vizuri. Maji yakitulia atatoka."

Kinyozi alinisimulia hayo mwenyewe. Alimwondoa mtoto, akainama na yeye aangalie, na ndani ya weupe ule akaona kitu kinageuka polepole, kama mgonjwa anayegeuza uso kwenye mto. Nikamwambia ni majani hayo, yanasukumwa na pampu. Akasema anajua ni majani. Lakini hivyo hivyo, alisema, ndivyo mkewe alivyogeuka kitandani hospitalini alipouliza mtoto yuko wapi. Naye alimjibu kwamba yuko njiani, anakuja. Mtoto hakuwa njiani. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Tangu siku hiyo sikuweza kupita mbele ya dirisha lile bila kugeuza macho pembeni.

Basi kinyozi akaanza vita na maji. Kidoti akienda shule tu, nasikia ndoo. Anamwaga yote, anasugua kioo, anatia mapya. Maji yanakaa kidogo, yanarudi meupe, tena mazito kuliko mwanzo. Mama mdogo alipopata habari akaja huku anahema.

"Shemeji, kila ukiyamwaga unayarudisha mwanzo. Wewe ndiye unayeyaharibu. Yaache."

"Nikiyaacha, mtoto ataendelea kuona mambo."

"Mtoto haoni mambo kwa sababu ya maji. Mwambie ukweli."

Kinyozi akamfungulia mlango atoke.

Mtoto naye akawa anaisha tunamwona. Chakula anakigusa tu. Shuleni hachezi, anataka awahi nyumbani mama asije akatoka akakuta hakuna mtu. Akirudi anakaa mbele ya tangi na mkoba wake mgongoni, hatusemeshi sisi, anasemesha kioo. Baba yake alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Ninampoteza na huyu." Nikamwambia dawa anaijua. Akasema ndiyo, anaijua.

Kumbe mwenzangu alielewa dawa nyingine. Kesho yake akachukua sifongo, pampu na changarawe, akavitia vyote kwenye dawa yake ya saluni, ile isiyoacha kijidudu hai. Na ndani ya tangi akamimina kidogo, kwa usalama. Jioni akaniita nikaone. Maji yalikuwa yanang'aa, unaweza kuhesabu changarawe. Na samaki wote walikuwa wanaelea juu, matumbo yameangalia dari. Hapo hapo Kidoti akaingia.

Aliangalia maji muda mrefu. Akaenda nyuma ya tangi, akapenyeza mkono kati ya kioo na ukuta, akapapasa. Akarudi mbele.

"Hayumo," akasema. Kisha akawatazama samaki. "Baba, na hawa wamesafiri?"

Kinyozi alifungua mdomo, na mimi moyoni nikajua anakwenda kusema ndiyo. Mkono wake ukatafuta kitambaa, haukukipata. Akaketi sakafuni.

"Wamekufa, mwanangu. Nimewaua mimi kwa dawa yangu. Na mama yako amekufa. Alikufa ulipokuwa kwa bibi, nikakuficha."

Mtoto hakulia. Alimsogelea baba yake mpaka magoti yakagusana.

"Mama aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Ukamwambia nini?"

Akamwambia. Hapo ndipo alipolia, akampiga baba yake kifuani kwa ngumi zake zile ndogo, na baba akaziacha zimpige. Mimi nilitoka. Kilio kile bado ninacho masikioni, hata cherehani haikifuniki.

Kinyozi alimpeleka Kidoti kwenye kaburi la mama yake. Mama mdogo akaja wakapanda majani upya, na maji yakawa meupe tena, na safari hii kinyozi akaketi mikono ameikalia, hakugusa kitu. Yakatulia yenyewe. Siku hizi majani yamefika juu, na Kidoti anakula na kucheza.

Lakini msishangilie. Baba akisema anakwenda sokoni, mtoto anamshika shati. Mkimwambia kitu nyinyi, anakwenda kumuuliza mtu mwingine kama ni kweli, na huyo naye hamwamini. Majuzi nilimuaga kwamba nasafiri kwenda kumtazama dada yangu. Alinishika mkono, akaung'ang'ania, halafu akaniuliza ninaumwa wapi.

Funzo

Ndugu zangu, mtoto asiyeambiwa kwamba mzazi wake amekufa haponi huzuni. Anabaki nayo peke yake, na anamtafuta marehemu mahali ambapo sisi hatuthubutu kutazama. Mwambieni ukweli mapema, kwa maneno anayoyaelewa, mlie naye, na muiache huzuni ichukue muda wake bila kuifukuza kwa ndoo na dawa. Mgonjwa naye akimuulizia mwanawe, mleteni mtoto aonwe. Na mkiombwa kusaidia uongo wa aina hii, hata na baba mwenye uchungu, kataeni. Kidoti bado anatuuliza maswali, na hakuna hata mmoja wetu ambaye jibu lake linamtosha.