Mpangaji wa Barafu

Birika lilikaa juu ya moto tangu saa moja asubuhi, na hadi saa tatu maji yalikuwa hayajachemka. Bi Vipimo aliinua kifuniko akachungulia. Maji yalitoa sauti ndogo, tiki-tiki, lakini mvuke hakuna.

"Gesi imekwisha nini?" mumewe aliuliza kutoka mezani.

"Moto huo hapo, unauona mwenyewe."

Wawili hao ndio waliotunza kituo cha hali ya hewa kule mlimani, penye ukungu na mvua kiasi kwamba nguo zilizoanikwa Jumatatu zilivaliwa Ijumaa zikiwa bado mbichi. Mke alipima mvua, pamoja na barafu ya kileleni iliyozidi kupungua kila mwaka, ndiyo maana watu wakamwita Bi Vipimo. Mume alikuwa fundi wa mitambo. Wiki ile umeme ulikatika, na vipande vya barafu ya kale walivyochimba mwaka juzi kwa ajili ya maabara vikaanza kuyeyuka kwenye friza. Bomba la maji nalo lilizibwa na matope. Bi Vipimo, mtu asiyependa kitu kipotee bure, akavitia kwenye birika.

Mume alichoka kusubiri. Akamimina kikombe hivyohivyo, akanywa.

"Yana harufu ya mawe," alisema akicheka.

Kufika adhuhuri hakucheka tena. Alikaa ubavuni mwa jiko, mablanketi matatu mabegani, na kila alipopumua ukungu mweupe ulimtoka kinywani. Ile tiki-tiki sasa ilitoka kifuani mwake. Bi Vipimo alimwekea kipimajoto kwapani, akakisoma, akakikung'uta, akamwekea tena, maana kazi yake ni kuamini vipimo na hiki hakuweza kukiamini, na alipomshika mkono vidole vyake vikaganda kwenye ngozi ya mume aliyeishi naye miaka kumi na tisa, akavibandua kwa maumivu huku akilia kwa hofu na aibu, kwa kuwa ni yeye, si mwingine, aliyetia barafu ile kwenye birika.

Mganga aliyeitwa na Bi Vipimo alipanda kutoka bondeni kesho yake mchana, amevaa koti la mvua, akiulaani mlima kwa kila hatua. Alipomwona mgonjwa akanyamaza. Akafukiza ubani, akamwinamia sikioni.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Ilijibu sauti nzito, ya polepole, isiyokuwa ya fundi. "Nilikuwa nimelala."

"Tuwie radhi. Mwache mume wa watu. Unataka nini?"

"Nirudisheni nyumbani."

Mganga akashusha pumzi, akamvuta Bi Vipimo pembeni. "Shukuru, dada yangu. Jini anayetaka kwenda kwao hana shida. Tumpandishe hadi pale mlipochimba, atatoka mwenyewe."

Bi Vipimo hakusogea.

"Mbona umeduwaa?"

"Nimepima pale mwezi uliopita," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna barafu tena. Ni mwamba mtupu."

"Nyamaza, atakusikia!"

Alikwisha kusikia. Ile tiki-tiki ilikoma, na mume akainua kichwa taratibu, akamtazama mkewe kwa macho yaliyotanda weupe kama kioo cha dirisha asubuhi ya baridi, asimtazame mganga wala ubani wake, wakati chumba kizima kikijaa harufu ya mawe mabichi.

"Mpimaji," sauti ilisema kwa upole. "Nyumba yangu iko wapi?"

Bi Vipimo alitaka kudanganya. Ulimi ulikataa.

"Imeyeyuka."

Kisha mume akayavua mablanketi, moja baada ya jingine, akayakunja vizuri.

"Basi zima hilo jiko," sauti ilisema. "Huyu nitamtunza asiyeyuke."