Kiganja cha Mbok Ginah

Kifurushi kimoja cha tempe kilikaa rafuni kama vingine, lakini Mbok Ginah alipokigusa akaruka. Kilikuwa na joto la shingo ya mtu.

Mama huyo alikuwa akitengeneza tempe tangu alipoolewa. Anachemsha soya, anazifunga kwenye majani ya mgomba zichachuke na kushikamana, kisha anajua kwa kiganja kama zimeiva. Ukimuuliza anajuaje, anakufukuza jikoni.

Mwanawe Prapto akachomeka kipimajoto. "Baridi tupu, Mbok. Mkono umezeeka huo."

"Uzeeke mdomo wako!"

Wakafungua. Soya zilikuwa mbichi, zinateleza, zinanuka yasmini. Hapo nyumbani hakuna aliyepanda yasmini.

Tangu hapo kiganja kikawa kinamdanganya. Sufuria inatokota, chenyewe kinasema baridi, akaungua. Kiti kitupu kikawa na joto, kama mtu kainuka sasa hivi. Na nyuma ya ukuta kitu kinakwaruza, mchana kweupe.

Akaja mganga, Pak Karto, na ubani wake. Alimshika mkono, akauachia upesi.

"Jini hakuingia nyumbani, Mbok. Kaingia pale unapojulia mambo. Simuwezi. Kiganja kikisema, usikiamini."

Haukupita muda mrefu, mjukuu wake Ratri, binti ya Prapto, akashikwa na homa. Alfajiri akanyamaza. Tabibu wa zahanati akasikiliza kifua, akammulika macho, akasema amekwenda. Walipomaliza kumwosha, Mbok Ginah akamwekea mkono kifuani.

"Ana joto," akanong'ona.

"Mbok, nyamaza."

"Mtoto ana joto, Prapto. Shika."

"Nimeshika! Wote tumeshika! Kipimajoto nimeweka! Ni hilo dubwana linakusemesha."

Mbok Ginah akamtazama Pak Karto, aliyekuwa amekuja msibani. Mzee akatikisa kichwa.

Zamani angewatimua wote kwa ufagio. Lakini sasa alisikia, au alidhani anasikia, kitu kikigonga chini ya kiganja, taratibu, na harufu ya yasmini ikimpanda puani, na kila aliyekuwa mle chumbani akimwangalia kwa huruma ile ya kumwangalia kichaa, naye hakujua tena anayesema ndani yake ni nani, ni yeye au ni mgeni wake.

Akaondoa mkono. "Haya. Mfungeni sanda."

Wakazika. Watu wakarudi kula. Yeye akabaki makaburini, akaweka kiganja juu ya udongo mbichi.

Ulikuwa wa moto.

Hakumwita mtu. Angemwambia nini? Akakaa palepale, jua likimpiga kisha likimwacha, Prapto akija kumbembeleza na kuondoka, kiganja kikiwa kimebanwa ardhini, na joto lile likipungua, likipungua, kama la mtu aliyeita sana akachoka, mpaka magharibi udongo ukawa udongo tu, baridi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tempe kiganja chake na kipimajoto vikasema jambo moja.