Mlango Ukafunguka Mara Arobaini na Moja

"Mara arobaini na moja! Nimehesabu mpaka vidole vimeniishia!" Shangazi wa ghorofa ya chini alisimama kwenye ngazi, mwiko mkononi. "Kutwa 'mlango ukafunguka, mlango ukafunguka.' Huyo mtu si aingie tu, tupumzike?"

"Na wewe Shangazi, kila nikifika hapo unawasha mashine ya kusaga!" fundi cherehani alimjibu toka juu, utepe wa kupimia shingoni. "Ijumaa saa sita mchana ndiyo mwisho. Kampuni ya vitabu vya kusikiliza inatafuta msomaji, wanataka sura moja isiyo na kelele. Nikikosa hii, nitapinda suruali za watu mpaka nizeeke."

"Kelele ni zangu peke yangu? Hiyo laptop yako yenyewe inakoroma."

Hapo Shangazi alisema kweli. Maiki ya laptop ilivuma nyuma ya kila neno. Rafiki alikuwa amemwazima maiki nzuri, lakini bila saundi kadi, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na laptop, ilikuwa pambo tu.

Jumatatu mchana fundi akaingia duka la vyombo vya muziki. Lilifurika: huyu anagonga ngoma, yule anajaribu gitaa. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, likamkaa kama limemwagwa mwilini. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake. Muuzaji alikuwa mrefu, shati la buluu limenyooka kwa pasi, ila kifungo cha tatu hakipo.

"Nataka kile," Sindano alionyesha kisanduku chenye matundu manane.

"Dada, unarekodi watu wangapi kwa mpigo?"

"Mimi peke yangu."

"Sasa matundu saba yaliyobaki utawaalika majirani?"

Akamwekea mbele kingine, kidogo kama kipande cha sabuni: tundu moja la maiki, moja la gitaa, kitufe cha kupeleka umeme kwenye maiki, na pa kuchomeka hedifoni. "Bei yake nafuu, sauti yake safi."

"Kaka, kabla hujanishauri, tafuta kifungo chako."

"Natafuta fundi kwanza."

Muuzaji akachukua namba yake na anwani, eti kwa ajili ya risiti, na hata hajauza kitu. Jumanne simu ikalia. Jumatano ikalia tena.

"Sindano, umekula?"

"Nimekula maneno yako, Bwana Kifungo. Yamezidi chumvi."

"Basi njoo kesho nikuongezee maji."

Alhamisi akaenda na akiba yake, akakibeba kile kikubwa. Kampuni isije ikamwona wa kubahatisha. Muuzaji akakipokonya mikononi mwake mbele ya wateja. "Hiki hakikufai! Chukua kidogo."

Duka likageuka kumtazama. "Kumbe ukinitazama unaona mtu wa vidogo?" Sindano akasema, akatoka. Mtaa wa pili akanunua cha mtumba, matundu manane, kizito kama pasi ya mkaa. Simu akaizima.

Jioni, chumbani, plagi ya kile kisanduku haikuingia popote kwenye laptop. Ilikuwa ya mtindo wa zamani. Sindano akakaa sakafuni. Yeye, ambaye hajawahi kumwachia mteja aondoke bila kujaribisha nguo, amelipa bila kujaribu! Akawasha simu. Ujumbe ulikuwa unasubiri: "Nilikosa nilipokupokonya mbele za watu. Ila popote utakaponunua, jaribu kwanza kwenye laptop yako. Kile kidogo nimekuwekea."

Hakulia. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa muuza mitumba, na hakuondoka mpaka akarudishiwa pesa yake. Kisha dukani, laptop kwapani.

"Sijaja kuongea. Nimekuja kujaribisha."

Muuzaji akatoa kisanduku kilichobandikwa karatasi, "Sindano". Wakachomeka. Sauti yake ikamjia kwenye hedifoni, safi, karibu kama pumzi.

"Nisamehe," muuzaji akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Basi samahani yako ingoje." Akalipa, akakimbia.

Nyumbani akatundika mablanketi na vitambaa vya suti kuzunguka meza. "Shangazi, nakuomba nusu saa tu!"

Shangazi akazima mashine, akazima redio, akawakalisha watu wake wote kumi kwenye ngazi, kidole mdomoni. "Atakayekohoa hali chakula!"

Sindano akasoma. Mlango ukafunguka mara moja tu, akapita, akafika mwisho wa sura. Saa sita kasoro dakika nne akatuma. Baadaye kidogo likaja jibu: "Tumeipokea. Sauti ni safi. Njoo Jumatatu tuzungumze."

Ngazi nzima ikapiga vigelegele. "Sasa niambie," Shangazi akapaza sauti, "mlangoni alikuwa nani?"

Kabla hajajibu, mlango wa chini ukafunguka. Muuzaji akaingia, shati lile lile la buluu, kifungo kimoja kiganjani.

"Nimeambiwa hapa kuna fundi."

"Yupo," Sindano akasema, akishuka. "Lakini anadai ile samahani ya asubuhi, na mbele za watu vilevile."

Muuzaji akawatazama wale watu kumi. "Nilimwaibisha dukani. Nilikosa. Nimekuja kumwomba msamaha mbele yenu."

Sindano akakichukua kifungo, akatoa uzi. "Simama hivyo hivyo. Ukitikisika, nakuchoma."

"Na vingine vikilegea?"

"Utaniletea mimi. Ukimpelekea fundi mwingine, nitajua."

Shangazi akamkagua mgeni toka viatu hadi nywele, akacheka mpaka mwiko ukatikisika. "Kumbe ndiye aliyekuwa mlangoni wiki nzima! Baba, kifungo kitashonwa mezani. Ingia ule."