Maji ya Uwanja Wetu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kuosha uwanja. Nilimwaga ndoo ya maji ya sabuni karibu na geti, kisha nikayasukuma kwa fagio hadi ukuta wa nyuma. Chini ya ukuta huo Baba alikuwa ameacha tundu, na maji, mapovu na takataka ndogondogo zote zilipitia humo zikatoweka. Zilikwenda wapi? Hata sikuwahi kujiuliza. Uwanja ulibaki unang'aa, nami nikavaa viatu vyangu vya shule bila hofu ya tope.

Uwanja huo ndio uliomvimbisha Baba kichwa. Baba ni kinyozi, na kila kichwa kilichopita mikononi mwake kiliondoka kimesikia habari za uwanja. "Nimesakafia kuanzia getini hadi ukutani," alikuwa akisema huku mkasi ukilia. "Ule mpera nao nimeukata. Majani ya nini? Kwangu huoni hata unyasi mmoja!" Wateja waliitikia tu. Utambishiaje mtu aliyekushikia wembe shingoni?

Aliyeitia doa furaha yangu ni Pini. Pini ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mwembamba na mama yake ni fundi cherehani. Mimi wananiita Redio, na sababu mtaigundua wenyewe. Nyumba yao iko nyuma ya yetu, upande wa bondeni, na ukuta ule ule ndio unaotutenganisha. Siku zote tulikwenda shule pamoja. Lakini mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Pini akaanza kunipita kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

"Pini, nimekukosea nini?" nilimuuliza siku moja njiani.

"Hujanikosea."

"Mbona umenuna, basi?"

"Kamuulize baba yako."

"Baba yangu kaingiaje tena hapa?"

Akafyonza, akaongeza mwendo. Niliudhika hadi machozi yakanilenga. Heri anitukane nijue moja! Mtu asipokwambia kosa lako, utaomba radhi ya kitu gani?

Jumamosi iliyofuata, ofisi ya mtaa iliandaa siku ya kujifunza ujenzi unaotunza mazingira. Mwalimu wetu alitaka darasa zima lihudhurie pamoja na wazazi. Mama alikuwa na zamu dukani, kwa hiyo nilimbembeleza Baba. Alikubali alipokumbuka kwamba penye watu wengi pana vichwa vingi vya kunyoa.

Aliyetuongoza alikuwa msanifu majengo, dada mrefu aliyevaa buti za mpira. Nilidhani atatukalisha kwenye viti atuhutubie mpaka tusinzie. Wapi! Alituingiza kwenye kibanda cha mabati kisichokuwa na dari wala kivuli, akafunga mlango, akatuuliza tunajisikiaje. Kwa jasho lililotutoka, hakuna aliyehitaji kujibu. Kisha akatupeleka kwenye kibanda kingine kama kile kile, ila hiki kilikuwa chini ya mti na madirisha yake yalitazamana. Upepo uliingia huku ukatokea kule.

"Nani anataka feni humu?" aliuliza, na watu wakacheka.

Alituonyesha gata zinazokusanya maji ya mvua kutoka bati hadi kwenye tangi. Alieleza kwamba anayepanga mtaa hupanga pia njia za upepo, vivuli na maji, kwa sababu vitu hivyo havijui mpaka wa kiwanja cha mtu. Baba alitikisa kichwa kwa kukubali. Mimi pia nilitikisa cha kwangu.

"Sasa tutafuata maji," alisema msanifu. "Nani hapa ana uwanja uliosakafiwa wote?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. "Sisi! Kwetu!"

"Kwangu, naam," Baba akadakia, kifua mbele. "Karibuni nyote muone mfano."

Umati ukaingia uwanjani kwetu. Msanifu alitia rangi nyekundu kwenye ndoo kadhaa za maji, akazimwaga getini. Maji yaliteremka kwa kasi, hayakusimama popote, yakafika ukutani, yakapita tunduni. Baba alitabasamu. "Mmeona? Hata tone halibaki."

"Tumeona," alisema msanifu. "Haya, tuzunguke upande wa pili."

Tulipopita kwenye kichochoro na kutokea kwa kina Pini, nilitamani nimezwe na ardhi. Mlangoni palikuwa na mifuko ya mchanga. Ndani, cherehani ya Mama Pini ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, na vitambaa vya wateja vimening'inizwa karibu na dari. Ukuta ulikuwa umeota ukungu. Maji mekundu yalikuwa yameshapenya chini ya mlango, na Pini alikuwa amechuchumaa akiyakausha kwa tambara, polepole, kama kazi aliyoizoea. Aliinua macho, akaniona. Sikupata pa kuyapeleka ya kwangu.

"Haya mekundu ni mageni," Mama Pini alimwambia msanifu. "Ya kila asubuhi huwa na mapovu. Siku za mvua ndiyo usiseme."

"Ulimwambia jirani yako?"

"Nilimwambia. Akanishauri niinue kizingiti."

Watu waliguna, mmoja akacheka. Baba akajifanya anafunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa ndala.

Msanifu hakumsema mtu. Alieleza tu kwamba zamani udongo wa uwanja wetu na mizizi ya ule mpera vilikuwa vinakunywa mvua, na saruji imeziba kila mahali. Dawa yake, alisema, ni kuvunja ukanda wa saruji karibu na ukuta, kuchimba shimo refu la kunyonya maji, kulijaza mawe na kokoto, kisha kupanda nyasi na mti pembeni. Maji ya bati yaingie tangini. Watu walipiga makofi, wakanywa soda za ofisi ya mtaa, wakaenda zao.

Basi nikadhani Jumatatu tutaanza kuchimba. Kumbe nilikuwa najidanganya.

"Nivunje saruji yangu?" Baba alifoka nilipomuuliza. "Nimejinyima mwaka mzima kwa ajili ya uwanja huu!"

"Lakini Baba, kwa kina Pini..."

"Kwa kina Pini hakutafika tone tena. Tazama." Akachanganya saruji kidogo, akaliziba lile tundu, akalilainisha vizuri kwa mwiko. "Tatizo limekwisha."

"Sasa maji yatakwenda wapi?"

"Yatakauka."

"Na mvua kubwa ikija? Msanifu alisema..."

"Redio, zima!"

Nilizima. Lakini nitazimaje na jambo lenyewe naliona? Nilimkumbusha wakati wa chakula. Nilimkumbusha asubuhi. Nilimfuata hadi kwenye banda lake la kunyolea nikamkumbusha mbele ya mteja mwenye povu kidevuni, nikafukuzwa. Mama aliniambia, "Mwanangu, baba yako ukimsukuma ndiyo anakaa chini kabisa." Mama naye basi angesema yeye! Alisema kidogo, akajibiwa kidogo, mambo yakaishia hapo. Nilichoka. Watu wazima wote wale waliopiga makofi, hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza tumefikia wapi. Makofi yale yalikuwa ya nini?

Shuleni nilimwambia Pini, "Tundu limezibwa. Hamtapata tena maji yetu." Nilitegemea atafurahi.

"Afadhali," alisema. Kisha akafikiri. "Nyinyi je?"

Tangu siku hiyo alikubali tutembee pamoja, ila hakuwa Pini wa zamani. Tulizungumza habari za hesabu na za mwalimu, tukikwepa za nyumbani.

Mvua kubwa ilitukuta alasiri moja, mimi na Mama tukiwa nyumbani. Ilianza kwa ngurumo, kisha ikamwagika bila huruma. Maji ya bati yalianguka uwanjani, ya barabarani yakaingia getini, yote yakakimbilia ukuta wa nyuma. Yalipokosa pa kutokea yakaanza kurudi. Uwanja ulijaa kama karai. Yakapanda barazani, yakalamba kizingiti, yakaingia sebuleni bila hodi.

"Magodoro!" Mama alipiga kelele. "Inua magodoro!"

Tulikuwa tunapandisha magodoro juu ya meza Baba alipoingia mbio kutoka kazini, ameloa chapachapa. Aliona viti vyake vimesimama majini. Alichukua nyundo na tindo, akavuka uwanja, maji yakimfika magotini, akaelekea ukutani. Nilielewa anakwenda kufanya nini.

"Baba, usifungue!" Nilimkimbilia, nikashika mkono wake. "Naomba, Baba. Yakitoka yote kwa pamoja yatawaingilia kina Pini. Mama yake ana nguo za watu mle ndani!"

"Unataka tuogelee sisi?"

"Nilikwambia!" Nililia kwa hasira, na mvua ikinipiga usoni. "Nilikwambia kila siku ukatia pamba masikioni!"

Nilikuwa sijawahi kumjibu Baba namna hiyo. Alinikodolea macho, akaniweka pembeni, akapiga nyundo ya kwanza. Akapiga ya pili. Saruji ikaanza kupasuka.

Ndipo sauti ya Mama Pini ilipotoka ng'ambo ya ukuta. Haikuwa sauti ya ugomvi.

"Jirani! Unafungua?"

Baba aliinua nyundo tena.

"Nisubiri kidogo tu, tafadhali. Nipandishe vitambaa juu, halafu nitakwambia. Pini, shika upande huo, mwanangu, fanya haraka!"

Mkono wa Baba ulibaki juu na nyundo yake. Nilimtazama. Nadhani alitegemea kutukanwa, na matusi angeyajibu, maana kwa maneno hashindwi. Lakini mtu anayekuomba nafasi ya kujiandaa kabla hujamfurikisha, utamjibu nini? Aliishusha nyundo.

"Sifungui, Mama Pini," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Acha vitambaa vyako hapo hapo."

Akanigeukia. "Leta ndoo. Zote."

Tukaanza kuchota. Baba alichota, Mama akachota, mimi nikabeba hadi getini na kumwaga kwenye mtaro ulio ng'ambo ya barabara. Mvua ilituzidi mbio. Tukitoa ndoo moja inaingia nyingine. Mikono iliniuma, nikawa nalia na kubeba, nabeba na kulia. Mara nikagongana na mtu getini. Alikuwa Pini, ana ndoo, na nyuma yake mama yake ana beseni.

"Sogea, Redio," alisema Pini. "Unaziba njia."

Tulichota hadi mvua ikachoka kabla yetu. Viti vyetu viliharibika, na sebule ilinuka tope kwa wiki kadhaa. Lakini kwa Mama Pini hakikuloa hata kipande kimoja cha kitambaa.

Jumamosi Baba hakufungua banda lake la kunyolea. Alimwita msanifu, akachukua sululu, akasimama kwenye saruji yake akiitazama kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, sisemi uongo. Kisha akapiga. Wateja wake wawili walikuja kusaidia kuchimba, na Mama Pini akaonyesha mahali maji yalipokuwa yakimwumiza zaidi, maana yeye ndiye aliyeyajua kuliko sisi wote. Tulijaza shimo mawe na kokoto, tukapanda nyasi na mche wa mpera. Gata na tangi tulivipata baadaye kidogo kidogo.

Wakati wa kupumzika Baba alikaa kando yangu, viganja vimemchubuka.

"Ulisema," alianza.

Nikanyamaza. Safari hii nilinyamaza kwa kupenda.

"Ulisema, na Mama Pini alisema kabla yako, na msanifu akaniletea mtaa mzima uniambie. Mimi nikafikiri nikiondoa tope mlangoni mwangu basi nimejenga vizuri. Kumbe tope nilimpelekea mwenzangu." Akamgeukia Mama Pini. "Jirani, nisamehe. Lile neno la kuinua kizingiti, sikustahili kukuambia."

"Yamekwisha," alisema Mama Pini. Aliangalia shimo, kisha akatuangalia mimi na Pini. "Nanyi mjifunze mapema, msingoje kama sisi. Mtakapojenga za kwenu, kabla ya kuuliza nyumba itapendeza vipi, ulizeni nani anakaa chini yenu. Kisha nendeni mkamgongee mlango, awaambie mwenyewe."

Mvua iliyofuata ilinyesha asubuhi. Sikungoja ikatike. Nilipita kichochoroni nikikimbia, nikagonga kwa kina Pini. Alifungua akiwa bado na mswaki mdomoni, akaangalia chini miguuni mwetu, nami nikaangalia. Kizingiti kilikuwa kikavu.

"Basi ingia," alisema. "Unaloa bure."