Simu Iliyokamuliwa Jioni na Asubuhi

Jumanne ni siku ya vifaranga kwa Jemutai. Kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Pioneer, huwa ameshaoga na kuvaa koti la chumba cha mayai. Viatu huviacha nje ya mlango. Simu pia huiacha nje, kwenye beseni la plastiki. Simu hushikwa sokoni, hushikwa garini, hushikwa kwenye mabanda ya kuku wa watu. Uchafu wake ukifika kwenye mashine ya kutotoa, vifaranga huugua kabla hata ya kukauka manyoya. Hiyo ni sheria ya kazi, na Jemutai haivunji.

Lakini beseni halijibu simu.

Biashara ya kuuza vifaranga ilipokua, yeye na mumewe Paul waliona dawa ni kuongeza simu. Wakanunua ya kijana wa stoo, ya ofisi, na ya Paul akiwa njiani. Nambari zote nne zikapakwa rangi kwenye geti. Ikawa kama mgeni wa nyumba nne: kila nyumba inadhani amekula kwingine. Mteja akipiga stoo, anaambiwa apige ofisi. Ya ofisi imeisha chaji. Ya Paul iko Cheptiret na Paul. Ya Jemutai iko kwenye beseni, inalia peke yake.

Jumanne moja, Angeline alipiga simu mara kumi na moja. Angeline ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Moi's Bridge, na kila mwezi kikundi huchukua vifaranga mia sita. Siku hiyo kijijini kulikuwa na mazishi, na hakuna mtu angekuwa stendi kupokea. Alitaka mzigo ungoje hadi Jumatano. Akapiga nambari zote nne. Hakuna aliyeshika. Paul akapeleka makatoni stendi ya mjini, yakapakiwa garini kama kawaida. Huko Moi's Bridge yalishushwa, yakashinda kwenye mvua. Kufika jioni, vifaranga zaidi ya mia mbili vilikuwa vimekufa.

Alhamisi Angeline alikuja mwenyewe. Hakugomba. Aliweka katoni tupu juu ya meza, akakaa.

"Mama Kiplimo," alisema, akimwita Jemutai kwa jina la mwanawe, "vifaranga vyako ni vizuri. Kukupata wewe ndiyo kazi. Nikipiga tena nikose mtu, tunaenda kwingine. Akina mama wameshaniambia."

Kikundi hicho kilichukua nusu ya vifaranga vyote vya Jemutai. Kikiondoka, mashine moja itazimwa.

Jirani yake, Mama Warigia, alisikia habari hiyo alipokuja kununua mayai. Mama huyu alikaa kwenye swichibodi ya kiwanda cha nguo miaka ishirini na miwili, akiunganisha simu za watu. Alitazama geti, akahesabu nambari kwa kidole.

"Kiwanda kilikuwa na watu mia tatu na nambari moja," alisema. "Nyinyi ni watatu na nambari nne. Mnapigiana nyinyi kwa nyinyi?"

Jemutai alicheka bila kupenda. Mama Warigia akamweleza kwamba siku hizi kuna kisanduku kinachofanya ile kazi yake, tena hakiendi kunywa chai. Mteja hupiga nambari moja. Kisanduku hupeleka simu ofisini. Ofisi isipojibu, hupeleka stoo. Stoo isipojibu, hupeleka kwingine, mpaka mtu apatikane. Sauti hupita kwenye waya za intaneti. Mambo ya intaneti yenyewe, alisema, aulize waliosomea.

Juma lililofuata Jemutai aliingia duka moja la mjini. Muuzaji alikuwa na shati safi na maneno laini. Akamwonyesha mtambo wa simu thelathini. Akapiga, sauti ikaja nzuri kama mtu aliye ubavuni. Alitaka Jemutai atie sahihi mkataba wa miaka mitatu siku hiyo hiyo, kwa sababu ya punguzo. Jemutai alibeba karatasi nyumbani, kalamu ikiwa tayari mkononi.

Mama Warigia alizisoma akiwa amezisogeza mbali na macho.

"Ng'ombe huyu umemkamua mwenyewe?"

"Ng'ombe gani, Mama?"

"Huyu unayemnunua. Mlinifunza nyinyi wenyeji nilipohamia hapa. Ng'ombe akiuzwa, mnunuzi humkamua jioni, akarudi asubuhi akamkamua tena. Maana mwenye ng'ombe anaweza kuacha kumkamua tangu jana, kiwele kijae, ukadhani ni maziwa ya kila siku. Sasa wewe umeona kiwele dukani, mahali stima haipotei."

Jemutai aliweka kalamu chini. Hata msichana wa miaka kumi kwao hangefanya kosa hilo kwa ng'ombe, na yeye alikuwa karibu kulifanya kwa simu. Alimpigia muuzaji, akaomba simu mbili zije zijaribiwe kwake siku mbili. Muuzaji alisema hizo huja baada ya sahihi. Jemutai akamshukuru, akakata.

Ndipo akampata Linet, fundi wa mitambo ya simu. Linet hakuanza na bei wala na picha. Alianza na maswali. Ni watu wangapi huongea na wateja kwa wakati mmoja, siku yenye kazi nyingi? Jemutai hakujua. Basi Linet akampa kazi: kila simu ikilia, apige mstari kwenye katoni, na zikilia pamoja aunganishe mistari. Jumanne mbili zilipopita, katoni lilijibu. Simu hazikuzidi tatu kwa mara moja.

"Thelathini za nini?" alisema Linet. "Nyinyi mnahitaji tano, na nafasi ya kuongeza."

Kisha akaeleza kwamba mitambo ni ya namna mbili. Upo wa kukodi, ambao akili yake iko mbali kwa kampuni. Huo si mbaya. Unamfaa mwenye wafanyakazi waliotawanyika na intaneti isiyokatika. Upo pia wa kuweka nyumbani, ambao kisanduku chake ni chako. Huo, intaneti ikikatika, vyumba bado huongea. Na kikiwa na mahali pa kutia laini ya kawaida, simu za nje bado huingia.

"Na nambari yangu ya zamani?" Jemutai aliuliza. "Watu wameikariri."

"Hiyo laini ndiyo tutatia ndani. Ikiwa na mtu, anayefuata atahamishiwa kwenye laini ya intaneti."

Linet alileta kisanduku, simu za mezani na betri, akaviacha siku mbili.

Jioni Jemutai alizima stima yote. Betri ikashika, simu ya ofisi ikaita stoo. Asubuhi aling'oa waya wa intaneti, akamwambia Paul apige kutoka barabarani. Simu ikalia. Stoo tu ndiyo ilikatakata maneno, kwa kuwa haikuwa na waya, na ukuta wake ni mnene. Linet hakubisha. Alivuta waya hadi stoo, kasoro ikaisha.

Kabla ya kulipwa alifanya mambo mawili zaidi. Alibadilisha nambari ya siri iliyokuja na kisanduku, na akafunga simu za nchi za nje. Wezi hutafuta visanduku vyenye nambari ya siri ya dukani, alisema, wakapiga ng'ambo usiku kucha kwa gharama yako.

Simu ya mwisho ilifungwa ukutani ndani ya chumba cha mayai. Haitoki humo. Hufutwa kwa dawa kila asubuhi, kama vifaa vingine.

Jumanne ya mwezi uliofuata, stima ilipotea saa mbili asubuhi. Jenereta ya mashine ikanguruma. Jemutai alikuwa amejaza vifaranga mikono miwili simu ya ukutani ilipolia. Akabonyeza kwa kiwiko.

"Nani huyo?" sauti iliuliza.

"Ni mimi, Mama Angeline."

"Uko wapi?"

"Chumba cha mayai."

"Mlio wa kwanza tu? Mimi nilikuwa nimekaa chini kabisa, nikijua nitapiga hadi saa sita."

Alitaka mzigo ungoje hadi saa nane. Gari la kikundi la kuupokea stendi lilikuwa limekwama kwenye matope. Jemutai akabonyeza mbili, nambari ya stoo, Angeline akaongea na Paul stoo, na makatoni yakarudishwa chini kabla hayajatoka getini. Jioni akina mama walihesabu vifaranga mia sita, vyote vikilia.

Paul alifuta kwa rangi nambari tatu za geti, akaacha moja. Mashine zote bado zinafanya kazi.

Baadaye Angeline alipiga tena, akataka jina la fundi. Kikundi kilikuwa kinafungua ofisi ya maziwa. Jemutai akampa jina na nambari ya Linet.

"Lakini hata akiwa yeye," akasema, "zima stima kwanza."